AnkiDroid ya kujifunza Kingereza: sura mubaya, kazi muzuri

Watu wananiuliza sana juu ya hii AnkiDroid, programu ya telefone ya kukumbuka maneno kwa karata za swali na jibu, wengine wananiona nafinya-finya telefone mu taksi wanafikiri ni mchezo, basi acha niandike mara moja. Naitumikisha kwa Kingereza. Kazi yangu ni deklara, mutu wa kutengeneza karatasi za forodha, magari ya muzigo inapita mupaka wa Kasumbalesa, na ukivuka kule Zambia Kifaransa yako haikusaidie kitu, karatasi ni Kingereza, biro ni Kingereza, shofere naye anakuongelesha Kingereza ama Kibemba ama Kiswahili ya Tanzania ile ya mbio. Kwa hiyo mimi sikutafuta programu ya kunichekesha, nilitafuta kitu ya kushikisha maneno mu kichwa zisitoke.

Bei kwanza juu najua njo mutauliza. AnkiDroid iko bure mu Play Store, haina matangazo, haina ile ya "lipa kwanza njo uendelee". Ku ordinatere, kule inaitwa Anki tu, pia ni bure. Wenye iPhone njo watalia kidogo, kwao ni dola 24.99, lakini wanalipa mara moja tu. Angalieni jina muzuri sana wakati wa kupakua, kuko zingine zenye majina ya kufanana na ni za watu wengine kabisa, zinaomba abonema. Hii ninayosema inaandikwa AnkiDroid, neno moja.

Mdogo mmoja wa hapa lupango akaniuliza, "Yaya, inakula mega ngapi?" Nikamujibu, ukiisha kuipakua haikule hata moja. Inatumika bila intaneti kabisa. Intaneti unaitafuta tu siku unataka kutuma karata zako ku AnkiWeb, tovuti yao ya kuzichunga, zikae salama, na ile pia ni bure. Kwa muji kama Lubumbashi hii ni sababu kubwa kuliko zote, kurant ikikatika jioni na wifi ya jirani ikifa nayo, weye unaendelea, unaweka ekra nyeusi usiku na betri haishuke mbio.

Sasa inatumika namna gani. Unatengeneza karata, mbele kuko swali, nyuma kuko jibu. Unaangalia mbele, unajibu weye mwenyewe mu kichwa (ama kwa sauti, bora kwa sauti), unageuza, kisha unafinya kitufe kimoja kati ya vine: nimesahau, nguvu, sawa, mwepesi. Ukisema umesahau inakurudishia kisha dakika moja. Ukisema sawa inakuja kisha dakika 10, halafu kesho, halafu kisha siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Njo siri yote. Karata inakurudilia pale karibu uisahau, si mbele, si kisha. Haya si maneno ya leo, kuko Mujerumani mumoja anaitwa Ebbinghaus alijifunzisha kwa kichwa silabi zisizo na maana yoyote akapima anazisahau kwa mbio gani, akatosha kitabu 1885. Mwingine Leitner, 1972, akaeleza namna ya kufanya na kasanduku kenye vyumba: ukijua karata inasogea mbele, ukikosa inarudi chumba cha kwanza. Anki yenyewe ilitoka 2006. Naleta hii historia kwa sababu moja tu, kama hauna telefone muzuri tafuta karatasi nguvu, kata-kata, chukua kartoni ya viatu, gawanya vyumba vitano na uanze leo, itafanya ile ile.

Pale watu wengi wanaharibu ni karata zenyewe. Wanapakua paketi ya maneno elfu ngapi ambayo mutu mwingine alitengeneza, neno moja ya Kingereza mbele, neno moja ya Kifaransa nyuma, wanakimbiza wiki mbili halafu wanasema Anki haina faida. Neno peke yake haina mahali pa kushikilia. Tengeneza zako, na utengeneze fraze, tena fraze uliyoisikia kwa masikio yako ama uliyoiona ku karatasi ya kazi. Yangu moja hii hapa: mbele kuko picha ya kamyo imepanga mustari ku mupaka, chini yake "The truck is still waiting ___ clearance", pengo. Nyuma kuko "for", na sauti ya fraze nzima. Ile "for" njo inatusumbua sisi wa Kifaransa juu kwa Kifaransa haiko pale, sasa ukikutana nayo mu fraze nzima, na lile kamyo unalijua, haitoke tena. Ni kapengo kamoja tu kwa karata moja. Usiweke fraze ya mistari mine na mapengo tano, utakuwa unajibu nusu unajidanganya kwamba umejua.

Sauti pia, tafadhali. Mu AnkiDroid unaweza kurekodi palepale unapoandika karata, na telefone yenyewe inaweza kukusomea Kingereza kama umeweka ile sauti yake. Kiswahili yetu iko na vokali tano, Kingereza ya Uingereza wanahesabu karibu 20, ndiyo, ishirini, kwa hiyo sikio letu linasikia "live" na "leave" ni kitu moja na mudomo nao unasema kitu moja. Mimi nafanya karata ambayo mbele haina maandishi hata kidogo, ni sauti tu, nasikiliza nasema ni ipi. Inachokesha lakini njo ilinifungua masikio kuliko grama yote.

Sasa mabaya yake. Sura. Jamani, mutu akifungua mara ya kwanza atafikiri telefone imeharibika, hakuna rangi, hakuna kandege ka kukupigia makofi, hakuna wa kukuambia leo umefanya muzuri. Mipangilio nayo ni mingi na majina yake yanatisha, nyingi usiziguse. Guse tu hizi. Moja, karata mupya kwa siku: inakuja imepangwa 20, na 20 inaonekana kidogo siku ya kwanza lakini kila karata inarudi tena na tena, kwa hiyo kisha wiki kadhaa unajikuta na karata mia na zaidi za kurudilia kila siku na njo pale watu wanatupa telefone. Shusha kwa 5 ama 8. Pili, kama version ya programu yako ni ya karibuni kuko kitu inaitwa FSRS, Anki iliileta 2023, ukiiwasha inapanga siku za kurudilia kufuatana na namna weye mwenyewe unasahau, basi iwashe usahau.

Na kuko kingine ninachopenda ambacho wengi wanafikiri ni ubaya: karata ukiikosa mara 8, inaitia alama, na kufuatana na mipangilio inaweza kuiweka pembeni yenyewe haikuletee tena. Wanasema programu inakula karata zao. Hapana, inakuambia ile karata uliiandika vibaya. Ifungue, iandike upya, weka picha, weka fraze ingine, ama ifute kabisa kama ni neno ambalo hautalisema hata siku moja mu maisha yako.

Ubaya wa kweli ni huu: haikuongeleshe. Mutu anaweza kuwa na karata elfu tatu mu telefone na akisimama mbele ya shofere wa Ndola anabaki kuchekelea tu. Usiitarajie itakufundisha kuongea. Lakini na mimi sikubali ile ya kukimbilia santre ukifikiri pale njo watakuongelesha. Mimi nililipia masomo ya jioni santre moja hapa mu muji, sitaitaja, bango lake linasema Kingereza miezi mitatu. Tulikuwa darasa nzima tumefinyana ku mabenchi, prof anaandika verbe ku ubao, sisi tunakopi mu kaye, saa inaisha, na mutu hajafungua mudomo isipokuwa "good evening teacher". Na ile miezi mitatu, mutafakari kidogo: shule ya ma-diplomate ya Marekani, ambao wanasoma muchana kutwa, vikundi vidogo, wanalipwa kusoma, inahesabu karibu saa 900 za darasa kwa kujua Kiswahili na 2200 kwa Kichina. Kiswahili yetu hii! Sasa weye na saa yako moja na nusu mara tatu kwa wiki, fanya hesabu.

Kwa hiyo yangu inaenda hivi. Asubuhi mu taksi ni Anki, dakika kumi na tano ama ishirini hivi, na mbele ya karata mupya namaliza zile za kurudilia. Jioni nasikiliza. BBC wako na vipindi vifupi vya kufundisha, 6 Minute English, vya bure na maandishi yake yako pale, unapakua siku uko na wifi. Mara ya kwanza nasikiliza bila kusoma, mara ya pili nasoma, mara ya tatu nasema pamoja naye kwa sauti, ile ile mbio yake, hata kama majirani wanacheka. Fraze mbili tatu zilizonipiga nazitia mu Anki. Halafu ku kazi nazitumikisha kwa nguvu, nazitafutia mahali. Mashofere wa Zambia ni watu wa subira, wakisubiri karatasi hawana kingine cha kufanya, mupe maji baridi muanze kuongea. Mzee mumoja ananisahihishaga kila mara, "No my son, not like that", anarudilia polepole, na ile fraze yake usiku inakuwa karata.

Nota yangu 4 juu ya 5. Ile moja naitosha kwa sura na mipangilio, si kwa kazi.

Kwa wanaosoma Kichina juu ya kazi za migodi, naona mu-colègue wangu anaitumikisha na inaenda: alama mbele, pinyin (Kichina kwa herufi kama zetu) na sauti nyuma, na lazima sauti juu bila toni hawatakusikia. Na wote, mbele ya kubadilisha telefone ama mbele telefone ibadilishwe na mwizi, tengenezeni konti ya AnkiWeb na mutume karata zenu kila mara muko na wifi, email tu inatosha.