Ushauri nasaha Malindi: nilimpeleka mdogo wangu mcheza mpira, haya ndo niliyoyaona

Nimekaa na haya maneno karibu miezi mitatu nikijiuliza niandike au ninyamaze, leo naandika manake juzi kuna mama alinisimamisha sokoni akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, mwanangu, yule kijana wenu mlimpeleka wapi? Wake pia amesaini timu huko nje na sa hivi simu hashiki, akishika analia. Jina la kituo siliweki hapa, mdogo wangu kaniomba, mji wetu mdogo na mtu akionekana anaingia pale jioni yake ishasemwa kuwa ana wazimu. Anaehitaji kweli aniulize kando nitamuelekeza.

Ni nyumba ya kawaida tu, vichochoro vya nyuma ya barabara ya Lamu, ua una mwarobaini mkubwa na benchi chini yake, nje hakuna kibao chochote na hilo kwangu mimi ni zuri sana. Tuktuk atakushusha pale kona, unamalizia kwa miguu.

Sasa nieleze tulifikaje. Dogo amekulia mpira wa uwanja wa Alaskan hapa Malindi, winga wa kushoto, alisaini miaka miwili na timu moja ya Qatar akiwa na miaka 19. Mshahara wake wa mwezi mmoja marehemu baba hakuupata kwa mwaka mzima baharini, wallahi sitii chumvi. Nyumba nzima tulilia kwa furaha siku ile. Halafu zikaanza simu. Ami anataka injini ya boti, halati ana harusi ya binti yake, binamu wawili wanataka bodaboda, ada za watoto wa shangazi, paa la bibi, msikiti wa kwetu unataka feni, na mimi dadake ndo niliyekuwa nakusanya orodha nikimtumia kila tarehe ya mshahara, naiandika vizuri kwa namba na majina, nikiona namsaidia kupanga. Hakuwahi kusema hapana hata mara moja, na mimi sikuwahi kumuuliza kama yuko sawa.

Msimu wa pili akaumia goti. Wasiojua ni kwamba kule timu ina nafasi za kuhesabu za wachezaji wa nje, ukiwa majeruhi muda mrefu nafasi yako anaandikishwa mwengine, mshahara unaendelea lakini wewe si mchezaji, unafanya mazoezi pembeni peke yako na mtu wa viungo. Aliporudi uwanjani mechi tatu hakufunga, na huku kwetu kuna vijana wa kubeti, walikuwa wanamuandikia Instagram usiku kucha, mkeka wangu wa beti umechanika kwa ajili yako, uvunjike na hilo goti lingine, wengine wanamtukania mama. Vijana wa hapahapa Malindi, wengine nawajua kwao.

Alipokuja likizo nikaona mtu mwengine kabisa. Mchana analala, usiku macho, barazani hakai, kula hali. Akaniambia siku moja tukiwa wawili tu kwamba kule kila kabla ya mechi anatapika, na kulala hawezi mpaka ameze vidonge, na vidonge vyenyewe ananunua mwenyewe.

Mama akasema kijicho, tukaenda kwa ustadhi akaandikiwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, akanywa siku saba. Siwezi kusema haikusaidia, alitulia kidogo, ustadhi ni mtu mwema. Halafu tukaenda hospitali moja, sitaitaja, daktari akamuangalia kuanzia viatu mpaka saa ya mkononi akamwambia "kijana, una pesa zote hizi unasononeka nini?" Dogo aliinuka akatoka hakusema neno na nikajua pale kwamba akifungwa mlango mara moja tena hatajaribu popote.

Ndo mwenzangu kazini akaniambia kuhusu hiki kituo.

Kubuku nafasi ni kwa simu, wanapokea vizuri ila nilipewa siku ya TISA mbele. Siku tisa kwa mtu ambae halali ni nyingi mno. Washauri wako wawili tu. Yule dada wa simu alinipa namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, ya bure, akasema hali ikibadilika usiku pigeni hapo msingoje siku yenu, na hilo nawashukuru manake zile siku tisa mimi nililala mlangoni kwake.

Mshauri ni mama wa makamo, mtu wa pwani, dogo alimuamkia shikamoo akaitikia marahaba mwanangu na wakaingia. Hakuuliza timu gani, hakuuliza mshahara, hakuomba picha. Hilo dogo alinisimulia baadae kama jambo kubwa sana, yani tangu asaini hajakutana na mtu mzima asiyeuliza pesa. Alimuuliza usingizi, chakula, na kama amewahi kufikiria kujidhuru, alimuuliza waziwazi bila kuzungukazunguka, na yeye akamjibu waziwazi. Mimi nilikuwa chini ya mwarobaini sikusikia kitu. Dakika hamsini. Alivyotoka akaniambia tu twende nyumbani nina njaa, na mimi nilikuwa sijasikia neno njaa kwake tangu ashuke kwenye ndege.

Kombe na ustadhi pia alivieleza, alidhani atachekwa, akaambiwa endelea na dua zako, hapa na kule havigombani.

Vile vidonge vya usingizi yule mama alisema wazi hiyo si kazi yake, yeye haandiki dawa, akatuandikia barua kwa daktari wa magonjwa ya akili Mombasa na akatukataza tusiache vidonge ghafla. Hapa ndo naona upungufu mkubwa, Malindi mzima unaambiwa nenda Mombasa, kilomita kama 120, na mgonjwa mwenyewe hataki hata kuvuka barabara.

Kikao cha tatu akasema sasa nataka familia. Nikadhani ni mimi na mama. Akasema hapana, wote wanaompigia. Tulikwenda watu sita, ami alikuja kwa hasira, akaanza yeye, huyu kijana Mungu kampa, watu wa pesa tangu lini wakaugua akili? Yule mama hakubishana nae, akamuuliza ami unafuata mpira? Anafuata sana. Akamuuliza unamjua Dele Alli aliyekuwa Tottenham? Anamjua. Akamwambia Julai 2023 huyo kijana akiwa na miaka 27 alikaa mbele ya kamera akaeleza kwamba ametoka kukaa wiki sita kwenye kituo cha matibabu Marekani sababu ya vidonge vya usingizi, na mambo aliyofanyiwa utotoni hajawahi kuyatibu. Ami akanyamaza. Akamtaja Mertesacker, yule beki mrefu wa Arsenal aliyechukua Kombe la Dunia na Ujerumani 2014, alisema mwenyewe mwaka 2018 kuwa kabla ya mechi kichefuchefu kilikuwa kikimpanda mpaka ageuze uso watu wasimuone. Nilimuona dogo ameinua kichwa hapo. Hakuwa ameambiwa kuna mtu mwengine duniani anatapika kama yeye.

Akasema pia FIFPRO, chama cha wachezaji cha dunia, mwaka 2015 kilitoa utafiti ambao katika wachezaji walioulizwa asilimia 38 walikuwa na dalili za msongo wa mawazo au wasiwasi, na walioumia vibaya mara nyingi ndo wanaopata zaidi. Akatuangalia akasema na huyu wenu ana goti.

Halati akaingiwa na hofu ya aina nyengine, akipumzika si watamfukuza? Akajibiwa na Simone Biles, yule msichana wa sarakasi wa Marekani, Tokyo 2021 alijitoa katikati ya fainali ya timu dunia nzima ikimuangalia, Paris 2024 akarudi akachukua dhahabu tatu. Halafu akasema sitaki mdhani kila mtu hurudi, akamtaja Samuel Wanjiru wetu, dhahabu ya marathoni Beijing 2008 akiwa na miaka 21, pesa zikamjia kwa mpigo, ugomvi wa nyumbani ukawa kwenye magazeti, Mei 2011 akaanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa, miaka 24. Hakusema zaidi ya hapo na hakuna alieuliza zaidi.

Ndo akatoa karatasi. Akamuomba kila mmoja aseme mwaka huu aliomba nini. Hakukasirika, hakutoa hotuba, alikuwa anaandika tu. Tukahesabu wanaokula kwenye ule mshahara, na watoto, na wale wa shamba Gede, wakafika kumi na saba. Akaandika pembeni miezi iliyobaki kwenye mkataba, mitano. Halafu akasema, watu kumi na saba wamesimama juu ya goti moja.

Mama alilia. Mimi nilikuwa na ile orodha yangu kwenye simu na sikuweza kuitoa kwenye mkoba.

Tulichokubaliana siku ile kiliandikwa na kila mtu akatia sahihi, hata ami. Dogo anatuma kiasi kimoja kila mwezi, hakipandi, cha mama na bibi na ada. Mengine yote yanakuja kwangu mimi na jibu ni hapana mpaka mkataba mwengine. Laini akabadilisha, namba mpya tunayo watu wanne. Instagram anashika binamu yetu, yeye mwenyewe hafungui siku ya mechi wala siku ya pili yake. Ni mambo madogo ukiyasikia, lakini hakuna hata moja ambalo sisi wenyewe tungelisema mbele ya ami bila mtu wa nje kukaa pale katikati.

Bei: kikao cha mtu mmoja shilingi 2,500 za Kenya, cha familia 4,000. Kwenye simu niliambiwa 2,000 na nilipofika ikawa nyengine, waseme bei moja tu, kuna watu wanakuja na pesa kamili. Kuna mwanafunzi nilimkuta pale analipa kidogokidogo na hakuna aliemkodolea macho.

Kilichoniudhi zaidi: siku ya pili yule kijana wa mapokezi alisimama mlangoni akaita "yule wa mpira aingie!" na kulikuwa na watu watano kwenye benchi. Dogo nusura aondoke. Nilimwendea mshauri mwenyewe nikamwambia, na kuanzia wiki iliyofuata wanaita kwa namba za karatasi. Wamelirekebisha, ila lingeweza kutuharibia kila kitu. Kuta pia ni nyembamba, mtu akilia unasikia, waweke hata redio pale nje.

Alivyorudi Qatar vikao viliendelea kwa simu, saa zetu na zao ni sawa kwa hivo walimpa saa tatu usiku baada ya mazoezi, nje ya muda wa kazi na hawakuongeza bei. Vidio inakwama, wakaishia kuongea sauti tu. Kuna kikao kilikatika dakika ya kumi na tano na tukatozwa chote, nikalalamika, wakakirudia chote bure siku ya tatu yake.

Sasa hivi anacheza dakika ishirini, thelathini, anaanzia benchi. Vidonge daktari wa Mombasa amempunguzia taratibu. Kutapika bado kupo siku nyengine, sitaki nidanganye mtu kwamba vikao kumi na moja vinafuta kila kitu, ila sasa akitapika anaosha uso anaingia uwanjani na usiku wake anampigia mshauri au mimi, zamani alikuwa anajifungia.

Nimewapa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya zile siku tisa. Nimesikia wanatafuta mshauri wa tatu, akipatikana nitarudi hapa nibadilishe.