Tahadhari: vifuniko bandia vya mitungi ya kusindikia vyakula

Ninaandika tahadhari hii kwa wote wanaojiandaa kununua kwa jumla vifaa vya kusindika vyakula nyumbani, kwa sababu nimeuziwa mtandaoni vifuniko visivyofaa, na kasoro yake ni ya aina ambayo mnunuzi haioni mpaka muda wa kurudisha bidhaa umekwisha.

Tangazo la muuzaji huyo lilikuwa na picha ya maboksi yaliyofungwa kiwandani, yenye jina la mtengenezaji anayejulikana. Kilichonifikia ni vifuniko 240 ndani ya mfuko mtupu wa plastiki, bila jina la kiwanda, bila namba ya toleo, bila hata karatasi ya maelekezo. Nilipomuuliza alijibu kwa upole kabisa kwamba mzigo wa jumla haufungwi kwenye maboksi, nami nikaridhika. Nilipaswa kuurudisha mzigo siku ileile.

Kifuniko bapa cha mtungi wa kusindikia huziba kwa utepe wa mpira laini uliopakwa kwenye ukingo wake wa ndani. Mtungi unapochemshwa hewa hutoka, na unapopoa kifuniko huvutwa chini na utepe huo kukamata mdomo wa kioo. Vifuniko nilivyouziwa vina bati jembamba linalopinda kwa vidole, na utepe wake umepakwa kidogo mno, mahali pengine haupo kabisa. Hata hivyo, saa 24 baada ya kusindika nyanya vyote vilikuwa vimebonyea katikati kama inavyotakiwa, nikavisifu. Ilikuwa wiki ya sita ndipo nilipokuta mitungi 17 kati ya 48 imeachia, mingine ikiwa na ukungu juu ya nyanya, na rangi ya ndani ya vifuniko imebanduka na kuacha kutu. Muuzaji hupokea malalamiko kwa siku 30 tu, na sasa ninaamini kwamba muda huo hakuuchagua kwa bahati.

Hasara ya nyanya na kazi ya siku mbili inauma, lakini linalonisumbua zaidi ni afya za watu. Nyanya na matunda hulindwa na uchachu wake. Ukungu ukiota juu yake unaweza kuupunguza uchachu huo, na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu unapopungua) ikipanda juu ya 4.6 bakteria aitwaye Clostridium botulinum anaweza kukua na kutoa sumu ambayo mara nyingi haibadilishi harufu wala sura ya chakula. Sumu hiyo hulegeza misuli, huanza kwa kuona vitu viwili viwili na kushindwa kumeza, na inaweza kuzuia pumzi.

Kwa sababu hiyohiyo, siki aliyonitumia pamoja na vifuniko ilinitia hofu kuliko vifuniko vyenyewe. Tangazo lilisema ina asidi ya asilimia 5, kiwango ambacho maelekezo mengi ya achari hukitegemea, lakini lebo ya chupa haikutaja kiwango chochote. Vipande vya karatasi vya kupimia pH havisaidii hapa, kwa kuwa siki iliyoongezwa maji nusu kwa nusu husomeka karibu sawa na siki kamili. Nimeitenga kwa kusafishia sinki.

Simtaji muuzaji kwa jina, kwani malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, na zaidi ya hapo duka lake limekwisha kubadilisha jina huku picha zikibaki zilezile. Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji yeyote picha ya mzigo halisi ulio mkononi mwake, upande wa ndani wa kifuniko ukionekana. Mzigo ukifika, jazeni mitungi sita maji matupu, muichemshe kama kawaida, kisha baada ya siku moja ondoeni pete zinazokaza vifuniko, muilaze ubavu juu ya karatasi kavu na kuiacha wiki kadhaa. Ndiyo maana ni heri kununua miezi miwili kabla ya mavuno kuliko wiki ya mavuno yenyewe.

Aliyekwisha kutumia vifuniko vya namna hii aondoe pete zote sasa na kubonyeza kila kifuniko katikati. Kinachodunda, kilichovimba au kinachovuja, mtungi wake usionjwe hata kwa ncha ya ulimi. Ufungwe ndani ya mfuko na kutupwa mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki. Vifuniko vilivyobaki msivitupe vyote: mimi nimeweka 20 ambavyo havijatumika, pamoja na mfuko wake na nakala ya tangazo, kwa ajili ya ushahidi.