Solent Sky, Southampton: nimeingia ndani ya ndege ya majini, ndugu wa zile zilizokuwa zikitua Lindi

Marehemu babu yangu alikuwa na kisa kimoja alichokirudia kila tulipokwenda Lindi likizo. Alipokuwa mtoto, siku moja waliacha mchezo wakakimbilia ufukweni kutazama ndege ikishuka baharini. Ilipasua maji, ikaelea, watu wakatoka ubavuni mwake wakaingia kwenye mashua na kuletwa nchi kavu. Sisi wajukuu tulikipokea kisa hicho kama tulivyopokea ngano za sungura na fisi. Ndege na maji wapi na wapi?

Nimeishi Uingereza miaka mingi bila kujua kwamba jibu liko Southampton. Mwezi uliopita nilimchukua binti yangu wa miaka 12 tukapanda treni hadi huko, kwenda kwenye makumbusho ya Solent Sky. Yako Albert Road South, karibu na daraja la Itchen, kama nusu saa kwa miguu kutoka stesheni kuu. Ni makumbusho madogo, ukumbi wenyewe una umbo la ghala. Kama unatafuta mahali pa kuzunguka kutwa nzima, si hapa. Sisi tulikaa saa tatu, na mbili kati ya hizo ziliishia kwenye ndege moja.

Nitaje nyingine kwanza, maana zinastahili. Ipo Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, na hapa iko kwao hasa: kiwanda cha Supermarine kilichoiunda kilikuwa ng'ambo tu ya mto, Woolston, na Spitfire ya kwanza iliruka Eastleigh, jirani na hapo, tarehe 5 Machi 1936. Ipo pia Supermarine S.6A ya mashindano ya mwaka 1929, nyembamba kama samaki, imekalia maboya mawili marefu. Wapenzi wa ndege za kivita watafurahi sana. Mimi macho yangu yalikuwa kwingine.

Beachcomber ni ndege aina ya Short Sandringham, na imeujaza ukumbi. Mabawa yake yana upana wa mita 34 hivi kutoka ncha hadi ncha, na ndege nyingine zimejipanga chini yake kama vifaranga chini ya kuku. Ukiifikia karibu unaona kwamba tumbo lake si la ndege hata kidogo. Ni la chombo cha baharini: lina mkuku, limechongoka omo, na bati zake zimefungwa kwa ribiti safu kwa safu. Chini ya kila bawa, upande wa nje, linaning'inia boya lenye umbo la mtumbwi. Nilipoliona tu nikasema kwa sauti, "Matengo!" Na kazi yake ni ileile ya matengo ya ngalawa, kukizuia chombo kisilale ubavu. Injini nne zimepandishwa juu kabisa kwenye mabawa ili mapangaboi yasipigwe na maji.

Kuna jambo ambalo nisingelijua bila mzee mmoja wa pale, anayejitolea kuwaeleza wageni. Katikati ya tumbo pamekatwa kama kidato cha ngazi: sehemu ya mbele imeshuka, ya nyuma imepanda ghafla. Alimwambia binti yangu, "Ukifika nyumbani, laza kiganja juu ya maji ya beseni, halafu kinyanyue. Utaona maji yanavyoking'ang'ania." Ndege nayo hung'ang'aniwa vivyo hivyo. Kile kidato huruhusu hewa ipite chini ya tumbo, maji yanaachia, chombo kinakimbia juujuu hadi kinapaa. Tumejaribu nyumbani. Ni kweli kabisa.

Siku tuliyokwenda tuliruhusiwa kuingia ndani. Mlango ni mdogo, unainama. Ndani kuna vyumba vya abiria, viti vipana, na madirisha yaliyo karibu sana na mahali ambapo maji yangefika. Mbele kabisa, puani mwa ndege, kuna nafasi ya nanga na kamba. Ndege yenye nanga! Hapo nilisimama kwa muda. Babu aliwahi kutuambia kwamba "ilifungwa kama jahazi", na sisi tulicheka.

Niseme ukweli ili nisimpotoshe mtu: Beachcomber yenyewe haikutua Lindi. Iliundwa mwaka 1943 kama Sunderland ya kivita, ikageuzwa kuwa ya abiria mwaka 1947, ikasafirisha watu kati ya New Zealand na Australia. Baadaye ilikuwa ikiwatoa watu Sydney hadi kisiwa cha Lord Howe, kisha ikahamia Karibiani. Zile za babu zilikuwa za aina ya Short S.23, za shirika la Imperial Airways, na katika hizo haikubaki hata moja nzima duniani. Zote zilitoka kwa mwundaji mmoja, kampuni ya Short, kwa fikra ileile. Kwa hiyo hii ni ndugu wa damu.

Tulipotoka ndani nikamchorea binti yangu njia yao nyuma ya kikaratasi. Kuanzia Juni 1937 ziling'oa nanga hapa Southampton, zikapita Marseille, Roma, Athens, Alexandria, Khartoum, Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira, hadi Durban. Safari ilichukua siku kadhaa, na usiku abiria walilala hotelini. Kilichozileta hasa ni barua: peni moja na nusu kwa barua ya nusu aunsi. Na zilifuata maji popote yalipo. Mwaka 1939 mojawapo, Corsair, ilipotea njia ikitoka Ziwa Viktoria, ikatua kwenye mto Dungu huko Kongo. Ikabidi mto uzibwe kwa bwawa ili maji yapande, ndipo ikaweza kuruka tena Januari 1940.

Binti yangu akakitazama kikaratasi, akauliza, "Baba, mbona leo hakuna ndege ya kutoka hapa mpaka Lindi?"

Nikamweleza kwamba Vita vya Pili vya Dunia viliacha viwanja vya lami kila mahali, ndege za magurudumu zikawa zinafika mbali zaidi, na Novemba 1950 safari za ndege za majini za BOAC, shirika lililorithi Imperial Airways, kutoka Southampton zikakoma. Lakini swali lake limenikaa moyoni. Historia ya ndege huandikwa kwa majina ya marubani na wahandisi. Vijana wa Lindi waliozipokea kwa mashua na kubeba mifuko ya barua, sijawaona kwenye picha yoyote. Natamani mtu awatafute wajukuu zao wakati bado wanakumbuka walichosimuliwa.

Kwa atakayekwenda: angalia kwanza siku za kufungua, maana si kila siku. Ulizia mlangoni kama Beachcomber inaingilika siku hiyo, vaa viatu vya kupandia ngazi, na usiwapite wale wazee bila kuwauliza kitu. Wanapenda kuulizwa. Mtoto wa miaka kumi na kuendelea ataelewa mengi.

Jioni ile, tukiwa kwenye treni, nilimtumia shangazi wa Lindi picha ya lile boya chini ya bawa. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Ndiyo hiyo. Baba alikuwa akituchorea mchangani, na hayo matengo alikuwa hayasahau."