Historia ya Beda: kitabu cha mtumba kinachofaa kila anayeandika habari za kwao

Wanaokusanya historia ya parokia, ukoo au mtaa wao, kitafuteni kitabu hiki. Ni historia ya Kanisa la Waingereza, aliyoikamilisha mmonaki Beda mwaka 731 katika monasteri ya Jarrow, kaskazini mwa Uingereza. Changu ni tafsiri ya Kiingereza, jalada laini, nimekipata kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta kwa sh. 8,000 baada ya kupatana. Karatasi zimeanza unjano na gundi ya mgongoni imeachia, ila hakuna ukurasa uliopungua.

Mimi ni katibu wa kamati inayoandika historia ya parokia yetu huku Temeke, kwa hiyo dibaji peke yake ilinikamata. Beda anamwandikia Ceolwulf, mfalme wa Northumbria kwao kaskazini, na kumtajia waliompa habari, mmoja mmoja. Habari za Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, zilitoka kwa Abati Albinus wa Canterbury, nyingine kwa maandishi, nyingine kwa mdomo wa Nothhelm, kasisi wa London. Huyo Nothhelm alifika hadi Roma, akapekua nyaraka kwa ruhusa ya Papa, akarudi na barua za Gregori Mkuu, Papa wa zamani, nazo Beda akaziingiza kitabuni. Sisi tuna simu na bodaboda, na bado tunaandika "inasemekana" bila kumtaja mzee aliyesema! Nimewasomea wenzangu kurasa hizo kikaoni, na tumekubaliana: kila habari iandikwe na jina la aliyeisimulia, na kama aliona kwa macho au alihadithiwa.

Halafu kuna Hadrian. Papa Vitalian alitaka awe askofu mkuu wa Canterbury. Alikuwa abati karibu na Napoli, na Beda anasema wazi asili yake ni Afrika, maana yake Afrika ya kaskazini. Hadrian akakataa cheo, akampendekeza Theodore wa Tarso, mzee wa miaka 66, na Hadrian akatakiwa amsindikize hadi Uingereza. Wakafundisha Maandiko, ushairi, elimu ya nyota na hesabu za kalenda ya Kanisa. Beda anashuhudia kwamba hata siku zake walikuwepo wanafunzi wao waliojua Kilatini na Kigiriki sawa na lugha yao ya kuzaliwa. Hii nataka vijana wetu waijue.

Kilichoniuma ni ukali wa Beda kwa Wabritoni, Wakristo waliokuwa kisiwani kabla ya Waingereza. Wapata 1,200 kati ya waliokuja kuomba kwenye vita vya Chester, wengi wao wamonaki wa Bangor, waliuawa, naye anaandika kwamba umetimia utabiri wa Augustino, askofu mkuu wa kwanza wa Canterbury, aliyewaonya Wabritoni kwamba wasipowahubiria Waingereza watauawa nao. Hapo hana huruma hata chembe.

Barua ndefu ya tarehe ya Pasaka, kitabu cha tano, isomeni mkiwa mmetulia. Anzeni na dibaji, kisha kitabu cha nne sura ya kwanza. Na kabla ya kulipa, fungueni mgongo mhesabu kurasa.