Toyota 86 Iliyotumika: Chaguo la Mkazi wa Nairobi Anayeitamani Porsche

Toyota 86 ndilo gari ambalo ningempendekezea mkazi wa Nairobi anayeitamani Porsche lakini ambaye bajeti yake haizidi ile ya gari la kawaida la familia lililotumika. Nasema hivyo baada ya kuendesha 86 kadhaa zilizokuwa zikiuzwa hapa mjini, pamoja na washindani wake wachache, nikiwa na nia ya kununua. Sababu yangu haihusu kasi, kwa kuwa magari mengi ya bei hiyo yatalipita 86 kwenye Thika Road bila taabu. Inahusu namna gari lilivyoundwa na kile ambacho dereva anakisikia mikononi na mgongoni akiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndio tunaoruhusiwa mjini na ambao mara nyingi hata hatuufikii.

Injini ya 86, inayojulikana kama FA20, ni matunda ya ushirikiano wa Toyota na Subaru, na gari lenyewe liliingia sokoni mwaka 2012. Ina ujazo wa sentimita 1,998 na silinda nne zilizolazwa ubavu, mbili kila upande. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 86 na pistoni husafiri milimita 86. Porsche 911 nayo hutumia injini iliyolala, ingawa yake ina silinda sita na imewekwa nyuma kabisa ya gari, na 718 Cayman ya kawaida ina silinda nne za aina hiyo zenye tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, zilizo nyuma ya viti. Injini ikilala, uzito wote unashuka karibu na barabara na boneti inaweza kuwa fupi kwa kimo. Matokeo yake unayaona mara tu unapoketi: nyonga ziko karibu na sakafu, miguu imenyooka mbele, usukani mdogo umesimama wima mbele ya kifua, na migongo miwili ya mabawa ya mbele inaonekana juu ya dashibodi, hivyo unajua bila kukisia gurudumu la mbele linapita wapi. Gari lina uzito wa takriban kilo 1,240, nguvu inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma, na 86 nyingi za manyuali zina difu ya Torsen inayogawa nguvu hiyo gurudumu moja linapopoteza mshiko. Tairi zake za kiwandani, Michelin Primacy HP za kipimo cha 215/45R17, hazikuchaguliwa kwa ajili ya kung'ang'ania lami. Ni tairi za kawaida zilizofungwa pia kwenye Prius, na waundaji walizitaka kwa sababu huachia taratibu na mapema, dereva akiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Kwa lami yetu baada ya mvua ya kwanza, yenye vumbi na oili iliyomwagika, jambo hilo linahitaji heshima, na sishauri mtu yeyote azime mfumo wa kudhibiti utelezi barabarani.

Wengi wanaosoma tathmini za gari hili zilizoandikwa Ulaya au Japani hawazingatii kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo bila msaada wowote. Kwa hesabu ya kukadiria, inapoteza kiasi cha asilimia 17 ya nguvu yake. Nguvu farasi 200 zilizoandikwa kwenye karatasi za 86 zinakuwa kama 165 mtu akiwa Westlands, na zinarudi akiteremka Mombasa. Upungufu huu unaonekana zaidi katikati ya mizunguko, kati ya 3,500 na 4,500 kwa dakika, ambako FA20 ya kwanza ina bonde la nguvu ya kuvuta linalojulikana hata kwenye usawa wa bahari. Ukipanda kutoka Museum Hill kuelekea Limuru ukiwa gia ya nne na kukanyaga mafuta, gari linasita kidogo kabla ya kuamka. Dawa yake ni kushuka gia hadi ya tatu, na kwa mtu anayependa kuendesha hiyo ni starehe. Kwa mwenye 86 ya otomatiki ni kero, na ndiyo maana naishauri manyuali tu.

Hesabu hiyohiyo ya mwinuko inampa nafasi mshindani ambaye wengi hawamfikirii. Suzuki Swift Sport ya umbo lililotoka Japani mwaka 2017 ina injini ya lita 1.4 yenye tabo, nguvu farasi 140 na uzito wa kilo 970 ikiwa ya manyuali. Tabo hufidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua, kwa hiyo hapa Nairobi kila farasi wa Swift anabeba kilo saba hivi ilhali farasi wa 86 anabeba saba na nusu. Kwenye usawa wa bahari mambo si hivyo kabisa, kwa sababu huko farasi wa 86 anabeba kilo sita hivi tu, na ndiyo inayoongoza. Swift pia ina milango mitano, viti vya nyuma vinavyokaliwa na watu wazima, na injini yake iko chini ya ujazo wa sentimita 1,500, jambo linalopunguza ushuru. Niliipenda kwa dhati. Lakini inavutwa na magurudumu ya mbele, unakaa juu, na kwenye kona inakupeleka salama bila kukushirikisha sana. Mtu aliyeota Porsche hataipata humo. Mazda Roadster ya lita 1.5 ndiyo yenye usukani mtamu kuliko yote niliyoyagusa, ila paa lake la turubai na buti lake dogo ni mzigo kwa gari la pekee katika nyumba. Volkswagen Golf GTI ni nzuri kwa mwenye watoto, bora awe na fundi anayeielewa giaboksi ya DSG, otomatiki yenye klachi mbili, na akubali kuibadilishia oili kwa wakati.

Swali la kimo linaulizwa na kila mtu, na jibu lake ni kwamba 86 ya kiwandani ina nafasi ya milimita 130 kutoka barabarani. Nafasi hiyo inatosha kwa matuta mengi ya Nairobi ukiyapita pole pole na kwa mshazari. Haitoshi kwa yale matuta yaliyomwagwa na wakazi wenyewe kwenye barabara za mitaa, wala kwa milango ya maegesho yenye mteremko mkali kama ilivyo kwenye majengo ya zamani ya katikati ya jiji. Kabla ya kununua, pita kwanza na gari lako la sasa njia ya kutoka nyumbani hadi kazini na uyatazame matuta hayo kwa jicho jipya. Gari lililoshushwa kwa springi fupi liache, hata liwe na sura ya kupendeza kiasi gani, kwa sababu milimita 30 zilizoondolewa ndizo zilizokuwa zikikulinda.

Kuhusu kuagiza kutoka Japani au kununua lililo nchini tayari, mimi naegemea upande wa pili. Kanuni ya Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na 86 za umbo la kwanza zilikoma kutengenezwa ilipokaribia kuja GR86, umbo la pili la gari hili, ya mwaka 2021, kwa hiyo zinazoweza kuagizwa ni za miaka ya mwisho tu, ambazo bei zake Japani zimebaki juu. Kisha inakuja forodha: ushuru wa kuingiza gari ni asilimia 35, ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huu ni asilimia 25, kodi ya VAT ni asilimia 16, na juu yake kuna ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2. Kwa kuwa ushuru wa bidhaa na VAT hupandishwa juu ya kodi zilizotangulia, jumla yake inalingana na thamani nzima ya gari kama ilivyokadiriwa na KRA. Unanunua gari mara mbili. Aliyeliagiza miaka michache iliyopita ameshabeba mzigo huo, na wewe unalipia kile soko linachokubali leo.

Hata hivyo gari la nchini lina historia ya hapa, na 86 si gari linalonunuliwa na watu waoga. Nyingi zimeteleza makusudi na baadhi zimegonga. Kwa hiyo nenda asubuhi na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, sikiliza. Mlio wa haraka kama wa nyenje karibu na pampu ya mafuta ya shinikizo ni wa kawaida kwa FA20 na usikutishe. Mlio mzito wa chuma kugonga chuma unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni jambo jingine, na hapo unaaga kwa adabu. Kisha tia mguu kwenye klachi taratibu huku giaboksi ikiwa huru. Ikiwa kuna sauti ya kukwaruza inayobadilika au kutoweka kanyagio linapoteremka, beringi ya klachi imechoka. Kipuri chenyewe si ghali, lakini giaboksi lazima iteremshwe, kwa hiyo gharama ya kazi hiyo iondolewe kwenye bei.

Baada ya hapo piga magoti. Washa tochi ya simu na uangalie upande wa chini wa bampa ya mbele, ambako mikwaruzo ni ya kawaida lakini vishikizo vilivyovunjika na kufungwa kwa waya vinasema jinsi gari lilivyotunzwa. Pitisha kidole upande wa ndani wa tairi za nyuma. Zikiwa zimelika ndani tu, huku nje zikiwa bado na mifereji yenye kina, mpangilio wa magurudumu umepotoka, na katika gari la aina hii huenda sababu ni ukingo wa barabara uliogongwa kwa ubavu. Fungua buti, inua zulia, tazama kama karatasi za bati zina mistari ya kuchomelea isiyofanana kushoto na kulia. Taa za nyuma za matoleo ya kwanza huingiza unyevu. Hilo ni la kuudhi, si la kukimbiza mnunuzi. Jambo moja zaidi kwa magari ya 2012 na 2013: mwezi Novemba 2018 watengenezaji waliyaita magari ya kipindi hicho ili yabadilishiwe springi za valvu, kazi inayohitaji injini kufunguliwa kwa kina. Gari lililokuja Kenya kabla ya kurekebishwa linaweza kuwa bado lina springi za zamani, na mnunuzi ana haki ya kuomba namba ya chasisi akaihakikishe kabla ya kutoa hata shilingi. Stakabadhi za umiliki nazo zithibitishwe kwenye mfumo wa NTSA, si kwa picha ya simu.

Upande wa matunzo ndio ulionishangaza kwa uzuri. Nairobi imejaa Subaru za Forester na Impreza, na kwa sababu hiyo imejaa mafundi waliokwisha kuzoea injini iliyolala: wanajua jinsi oili inavyovuja kwenye vifuniko vya valvu na kwamba plagi, zilizobanwa kati ya injini na fremu, zinahitaji subira na mikono midogo. Fundi mmoja wa Industrial Area niliyempelekea gari la kukaguliwa hakuuliza ni gari gani. Alilala chini, akatazama, akasema, "Hii ni Subaru, mkubwa," na akaendelea na kazi. Alisema kweli kwa sehemu kubwa. Breki, beringi za magurudumu na vichujio hupatikana Kirinyaga Road bila msako mrefu. Vioo, taa na bampa ndivyo vinavyoagizwa na kusubiriwa. Oili inayotakiwa ni nyepesi, 0W-20, na ninasihi isibadilishwe kwa oili nzito ya bei nafuu kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto. Petroli iwe ya oktani ya juu, kwa kuwa injini hii inagandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa nguvu na Japani yenyewe inapewa petroli ya daraja hilo. Katika msongamano wa Mombasa Road usitarajie zaidi ya kilomita nane au tisa kwa lita.

Miongoni mwa 86 zenyewe, tafuta zilizotengenezwa baada ya maboresho ya 2016. Za manyuali ziliongezewa nguvu hadi farasi 207 na uwiano wa difu ukabadilishwa kutoka 4.1 hadi 4.3 ili kila gia ivute kwa nguvu zaidi, mabadiliko madogo kwenye karatasi ambayo kwa mwinuko wetu yanasikika katika kila gia, hasa ile ya tatu ya kupandia Limuru. Tofauti ya bei kati yake na ya 2013 ni halali.

Na kwa mwenye subira, kuna GR86. Injini yake ni ya lita 2.4, nguvu farasi 235, na nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni kwenye mizunguko 3,700, palepale ambapo gari la kwanza lilikuwa na bonde. Hata hewa ya Nairobi ikimega sehemu yake, zinabaki farasi wapatao 195, karibu sawa na kile ambacho 86 ya mwanzo hutoa ikiwa Mombasa. Zilizopo hapa bado ni chache na wenye nazo hawajaanza kuziuza kwa wingi.