Bima ya Viza na Bima ya Melini: Nilizonunua Mbili na Nilichokipata

Mwezi Septemba nilisafiri na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, kwa meli ya kitalii iliyong'oa nanga Piraeus, bandari ya Athens, ikazunguka visiwa vya Ugiriki kwa siku saba na kupitia Kuşadası nchini Uturuki. Nilikuwa na bima mbili, za kampuni mbili tofauti, na zote mbili zilijaribiwa.

Ya kwanza niliinunua Nairobi kwa ajili ya viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwombaji wa viza hiyo hudaiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayotambulika katika nchi zote za Schengen na inayogharimia pia kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Cheti kilitoka siku ileile, viza ikapatikana, na kwa kazi hiyo sina lawama. Lawama yangu ni kwa wakala aliyeniambia, "Hii inakutosha popote mtakapofika, kaka," ilhali mkataba aliokuwa ameushika ulitaja nchi za Schengen pekee. Uturuki haimo. Kuhusu bahari iliyo kati ya nchi na nchi, na kuhusu zahanati ya melini, mkataba haukusema lolote. Nilipouliza kwa barua pepe, nilijibiwa baada ya siku tisa kwamba kila dai litaangaliwa kivyake.

Ndipo nikatafuta ya pili, iliyoandikwa mahususi kwa safari za meli. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza, na ikapanda tena nilipotaja shinikizo la damu la mama. Nilishawishika kulificha, kwa kuwa dawa zake anazinywa vizuri na hajalazwa kwa miaka mingi, lakini ugonjwa usiotajwa ndio kisingizio cha kwanza cha kukataa dai. Kwa malipo hayo tulipata matibabu ya hadi dola 1,000,000, kuhamishwa kutoka melini kwa helikopta, fidia ya kufungiwa kabini kwa amri ya daktari, na fidia ya kukosa meli bandarini. Kufungiwa kabini si jambo la kubuni: mwezi Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa korona.

Kifungu cha kukosa meli kinahitaji kusomwa pole pole. Mwaka 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn waliochelewa kurudi kutoka matembezini waliachwa São Tomé, wakaifuata meli hadi Gambia, ambako haikuweza kutia nanga, ikabidi waendelee kwa barabara hadi Senegal. Bima yangu ingemlipa aliyecheleweshwa na ndege au na gari lililopata ajali. Aliyezama sokoni akasahau saa angejilipia nauli mwenyewe.

Usiku wa nne, meli ikiwa njiani kuelekea Uturuki, mama alianza kutapika na kuharisha. Zahanati ilikuwa safi, ina daktari mmoja na wauguzi wawili, na jambo la kwanza muuguzi alilofanya ni kuichukua kadi ya kabini na kuipitisha kwenye mashine. Dripu mbili, vipimo vya damu na saa tano za kitandani viligharimu euro 640, zikaingizwa moja kwa moja kwenye akaunti yetu ya melini. Kadi ya bima hawakuihitaji: unalipa, unapewa risiti, unadai baadaye. Mkataba ulinitaka niwaarifu kwanza, nami niliwapigia kwa intaneti ya meli, kwa kuwa mtandao wa simu baharini hupitia setilaiti na dakika chache tu humaliza salio. Walipokea baada ya dakika ishirini, wakanipa namba ya dai.

Kampuni ya kwanza ilikataa kwa mistari miwili. Ya pili ililipa baada ya wiki tano, ikikata euro 100 ambazo kwa mujibu wa mkataba nilipaswa kuzibeba mwenyewe, na baada ya kunisumbua kwa kutaka barua ya daktari yenye mhuri, ambayo kwa bahati niliiomba kabla hatujashuka. Bima hiyo ya pili ilikuwa pia na fidia ya bandari iliyorukwa, lakini haikunifaa kitu. Upepo ulituzuia kushuka Mykonos, nikaambiwa hulipwa pale tu bandari mbili au zaidi zinaporukwa. Ningelijua, nisingekilipia kifungu hicho.

Mama sasa anaitaka Norway. Kwa viza nitarudi kwa kampuni ileile ya kwanza, kwa kuwa ni nafuu na hutoa cheti haraka. Kwa meli nimeshaiomba bei kampuni ya pili, na safari hii nimeiandikia iondoe fidia ya bandari.