Mifuko ya kinga njaa na friza la lita 200: misimu miwili ya chakula nyumbani kwetu Moshi

Mwezi wa pili mwaka juzi nilifungua gunia la mahindi stoo, nikaingiza mkono, ukatoka na unga. Si unga wa mashine. Ni ule unga wa dumuzi, mwepesi kama poda, na punje zilizobaki zilikuwa maganda matupu, kila moja ina matundu mawili matatu. Debe sita nilizozifuata mwenyewe Himo mwezi wa nane, nikalipia usafiri na kupakuliwa, nilipopepeta sikupata hata debe mbili za kupeleka mashineni. Nyingine zikawa za kuku. Na wiki hiyohiyo debe sokoni Mbuyuni lilikuwa linauzwa karibu mara mbili ya bei niliyonunulia mimi. Niliumia sana, nisiwafiche. Chakula cha miezi mitatu cha nyumba kililiwa nikiwa ndani ya nyumba hiyohiyo.

Sisi tuko saba, na Desemba tunapita ishirini. Anayeijua Kilimanjaro anajua magari yanavyopanda kutoka Dar wiki ya Krismasi, na kila gari lina watu wa kulishwa. Kwa hiyo kununua kwa wingi wakati wa mavuno kwetu si jambo la hiari. Swali lilikuwa namna ya kukifanya chakula kifike.

Mifuko hii ya kuhifadhia nafaka bila hewa nilikuwa naisikia kwa mabwana shamba tu. Wengi hapa wanaiita kinga njaa. Ziko aina kadhaa, hata Arusha inatengenezwa. Niliyoanza nayo mimi ni ile yenye tabaka tatu: kiroba cha kawaida nje, na ndani mifuko miwili minene ya nailoni, mmoja ndani ya mwenzake. Ubunifu wenyewe ulianzia Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliotafuta njia ya kuokoa kunde za wakulima bila dawa. Inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa: wadudu waliofungiwa humo wanavuta hewa iliyopo, oksijeni inapungua, wanaacha kula, wanaacha kuzaana, mwisho wanakauka na kufa. Hakuna dawa ya unga ya kuchanganya. Kwangu hilo lilikuwa kubwa, maana mtoto wangu wa mwisho alikuwa na kikohozi kila tulipochanganya dawa stoo.

Nilinunua minane kwa shilingi 5,500 kila mmoja, kwa kaka mmoja mwenye duka la pembejeo. Nataka niwaambie alichonifundisha, kwa sababu ndicho kilichoniokoa. Nilitaka kuhesabu mifuko nilipe niondoke, akanizuia.

"Mama, usinunue kwa macho. Ipulize kwanza."

Akautoa mfuko wa nailoni, akaupunga hewani ukajaa, akausokota shingo, akaukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, akauminya taratibu huku ametega sikio. Ukiwa na tundu hata la sindano utasikia hewa inalia, au utaona mfuko unalegea. Tulipuliza yote kumi na sita pale pale barazani. Mmoja ulilia, akanibadilishia bila neno.

Msimu uliofuata nilikuwa na haraka, nikanunua mitatu duka jingine bila kupuliza. Mmoja ulikuwa na tundu kwenye mshono wa chini. Nikaweka humo maharage ya Lyamungu 90, kilo hamsini nzuri nyekundu. Mwezi wa kumi na moja nikakuta fukusi wanatembea juu ya nailoni kwa ndani. Dukani walikataa kuupokea, wakasema umeshatumika. Sitalitaja duka, lakini somo nimelilipia.

Sasa suala la ukavu, na hapa naomba msomaji atulie. Watu wengi wanaosema mifuko hii imewaozea mahindi waliweka mahindi mabichi. Mfuko usiopitisha hewa haukaushi kitu. Unyevu ukiingia nao unabaki humo humo, ukungu unaota. Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kwetu Moshi mwezi wa saba na wa nane mawingu yanakaa siku nzima, unaweza kuanika wiki bila kuona jua la maana. Mimi sina kipimo cha mashine. Natumia chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu vijiko vichache, mahindi hadi theluthi ya chupa, unatikisa dakika chache kisha unaiacha itulie. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini, funga. Na anika kwenye turubai, si ardhini. Sumukuvu inatoka kwa ukungu, na hakuna kupika kunakoiondoa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao kama sisi. Mfuko huu hauondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia. Mahindi yaliyooza yakiwa bado kwenye mabua shambani usiyaweke humo ukidhani yatapona.

Mama mkwe wangu hakuipenda mifuko mwanzoni. Yeye amekulia Kibosho, nyumbani kwao mahindi yalikaa darini juu ya meko, moshi ukapanda kila siku, wadudu wakakimbia. Na anasema kweli, ile ilifanya kazi. Lakini sisi tunapikia gesi, na dari letu ni la jipsamu. Halafu dumuzi huyu si mdudu wa bibi zetu. Aliingia nchini kutoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora kuelekea miaka ya 1980, na tangu hapo hata wazee wanakubali kwamba hasara ya mahindi imebadilika.

Kufunga kunahitaji watu wawili. Unajaza mfuko wa ndani kabisa huku unautikisa nafaka ishuke, unabaki na shingo ndefu, unaminya hewa yote itoke, unasokota, unaukunja shingo juu yake mwenyewe, unafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya katani inalegea, tyubu inang'ang'ania. Kisha wa pili vilevile, kisha kiroba. Mifuko ikae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Hili la ukuta nalo nililipia: panya alitoboa mfuko ulioegemea kona, na mfuko huu haujatengenezwa kuzuia panya. Siku hizi naweka mitego kabla ya mifuko.

Mwezi wa tatu mwaka jana, miezi saba baada ya kufunga, tulifungua wa kwanza. Nailoni ilikuwa imenyonywa ndani, imebana mahindi hadi punje zinahesabika kwa nje, kama ngozi juu ya mbavu. Nilipofungua tyubu ilitoka harufu ya mahindi ya Agosti. Mama mkwe akachukua punje, akaivunja kwa meno ikalia ka! Akanitazama. "Mwanangu, mwaka huu na mimi uninunulie." Chini ya mfuko nilikuta dumuzi wachache wamekufa. Kati ya mifuko saba ya mahindi na mpunga, yote saba ilifika salama.

Jambo moja la kero: kila ukifungua unawapa wadudu hewa. Mfuko wa kilo 100 si wa kuchota kila Jumamosi. Kwa hiyo ya kilo 100 ni ya kukaa, na ya kilo 50 ni ya kula. Mfuko ukifunguliwa unahamishiwa kwenye mapipa ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na kuliwa wote ndani ya mwezi. Mchele wa Mabogini tunauhifadhi ukiwa mpunga, tunakoboa kidogo kidogo. Dona tunasaga ya wiki tatu tu, kwa sababu kiini cha hindi kina mafuta na unga wake unachacha mapema kuliko sembe.

Friza sasa. Ni lile la kufungulia juu, lita 200, nililinunua jipya laki saba na ishirini. Kwa upande wa kugandisha sina malalamiko. Shida yake ni ya mafriza yote ya umbo hilo: ni shimo. Unachoweka leo kinafunika cha jana, na cha jana kinafunika cha Pasaka. Mwaka wa kwanza nilitoa chini kabisa kitu kigumu cheusi, tukabishana mimi na mdogo wangu kama ni maini au ndizi. Zilikuwa ndizi. Mshare mbichi ukigandishwa bila kupita kwenye maji ya moto unageuka hivyo. Tangu hapo namenya, nachemsha dakika tano, natumbukiza kwenye maji baridi, nachuja, ndipo zinaingia. Mtori wake sasa huwezi kuutofautisha na wa ndizi za siku hiyo, mradi ziingie sufuriani zikiwa bado zimeganda.

Kilicholipanga friza langu ni ile mifuko mbadala ya kitambaa iliyojaa nchini baada ya mifuko ya plastiki ya kubebea kupigwa marufuku Juni 2019. Kila nyumba ina rundo lake. Nilichagua kwa rangi: nyekundu nyama, bluu samaki, hasa perege wa Nyumba ya Mungu, kijani njegere na mnafu uliopita kwenye maji ya moto, njano ndizi na supu ya mifupa. Kila mmoja una mikono yake miwili iliyotazama juu. Nikitaka samaki navuta mikono ya bluu, mfuko wote unatoka, friza linafungwa, natafuta nikiwa mezani. Zamani nilikuwa nainama dakika nzima mfuniko uko wazi. Ndani ya mifuko hiyo chakula kiko kwenye vyombo vidogo vyenye mfuniko, kila chombo mlo mmoja wa watu saba, na juu kipande cha solotepu ya karatasi: jina, kipimo, mwezi. Andika kabla chombo hakijapata baridi. Tepu haishiki kwenye umande.

Mfunikoni kwa nje nimebandika daftari. Ukitoa, unakata mstari. Watoto ndio walioshika utaratibu huu haraka kuliko watu wazima, na mume wangu amekuwa wa mwisho.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza lililojaa likibaki limefungwa linahimili hadi saa 48, lililo nusu kama saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu nazijaza chupa za maji yaliyoganda, hata lisipokuwa na nyama. Na tukisafiri naacha ndani kikombe cha maji kilichoganda na sarafu ya shilingi 200 juu yake. Nikirudi sarafu ikiwa juu, tuko salama. Ikiwa imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena tukiwa hatupo, na nyama hiyo hailiwi na mtu. Imetokea mara moja. Nilitupa kilo kumi na moja, na nilitupa nikiwa na uchungu, lakini nilitupa.

Kwenye LUKU kwangu linakula uniti kati ya 25 na 30 kwa mwezi. Walio kwenye D1, ile bei ya umeme ya matumizi madogo, wapige hesabu kabla ya kununua, maana kikomo chake ni uniti 75 na friza linaweza kuwavusha bei ikapanda kwa uniti zote zinazofuata.

Kuna kazi moja ambayo sikuitegemea na sasa naithamini kuliko nyingine. Maharage na choroko za kula karibuni, kabla ya kuingia kwenye mapipa, zinalala frizani siku nne. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inaua fukusi na mayai yake. Zikitoka, chombo kisifunguliwe mpaka kirudi kwenye joto la chumba, la sivyo zinatoa jasho na umeharibu ukavu wote. Tangu nianze hivi sijaona tundu kwenye haragwe la pipani.

Nikiulizwa nikiwa na fedha ya kitu kimoja ninunue kipi, nitasema mifuko, bila kufikiri. Mifuko minane ilinigharimu 44,000 na imeshanitumikia misimu miwili. Ile ambayo nailoni yake haijatoboka inaingia wa tatu. Friza ni zuri kwa nyumba yenye wageni wengi na mtu wa kulisimamia. Nyumba isiyo na mtu wa kuandika kwenye daftari, friza kubwa litawazikia chakula.

Mahindi ya mwaka huu yako uani juu ya turubai siku ya nne leo. Asubuhi nilitikisa chupa. Chumvi bado inashika kidogo upande mmoja, na juu mlima umefunikwa wote na mawingu. Mama mkwe ameshaleta mifuko yake mitano, anaipuliza mmoja mmoja barazani.